Chukueni na Huu

Kabla mtoto wa nchi ile hajajua kufunga kamba za viatu vyake, tayari alijua Siku ya Mavuno ilikotoka. Mvua iligoma, mifugo ikafa, watu wakala majani. Halafu mvua ikarudi, mtama ukazaa mpaka mabua yakainama, na wakulima, kwa furaha yao wenyewe, wakatoa mavuno yote ya kwanza kwa serikali ili watu wa mjini nao wale. Malori yalipokuwa yamejaa na injini zimeshawashwa, msichana mdogo akachomoka katikati ya watu na mtita wa masuke mikononi, akaunyanyua juu, akasema, "Chukueni na huu!" Mtu mwenye kamera akapiga picha. Sikukuu ikazaliwa.

Picha hiyo ilikuwa kila mahali: kwenye ukuta wa posta, kwenye majalada ya madaftari ya shule, kwenye mifuko ya unga. Siku yenyewe ikifika, watu walifunga suke moja la mtama juu ya mlango, na hakuna aliyeonja nafaka mpya mpaka king'ora kilie kutoka uwanja mkubwa. Ukimpa mtu kitu siku hiyo, hata kijiko cha sukari, ulimwambia "chukua na huu," na yeye akakujibu "nimepokea." Walimu wa lugha walishachoka kueleza kwamba kijiko ni "hiki" na sukari ni "hii." Kuna mlevi mmoja aliyeporwa kiatu siku ya sikukuu, akavua cha pili akawarushia wezi, "Chukueni na huu!" Mtaa mzima ulicheka, watu mbavu hawana.

Msichana wa kwenye picha alikuwa bado hai. Alikuwa amekula chumvi nyingi, magoti yamechoka, jicho moja limeingia ukungu, na nchi nzima ilimwita Bibi Masuke. Aliishi na binti yake na mjukuu wake katika nyumba za wafanyakazi wa Ofisi ya Sherehe, ghorofa ya chini, vyumba viwili na jiko ambalo mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Kila mwaka gari lilikuja kumchukua. Alivalishwa shali ya njano, akakalishwa kwenye kiti chenye mto pembeni ya jukwaa, na mtoto wa mwaka huo akapanda ngazi na mtita, akasema maneno yale mbele ya Mkuu wa Nchi. Bibi alikuwa na kazi moja tu, kupunga mkono.

Jambo ambalo hakuwahi kulisema pale jukwaani ni kwamba maneno yake hayakuishia hapo.

Malori ya siku ile hayakuja kupokea, yalikuja kuchukua. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakifagia maghala mpaka mbegu, na aliyekutwa ameficha chochote alipandishwa kwenye lori pamoja na magunia. Baba yake hawakumkuta na kitu. Walimkamata kwa sababu alijibu kwa sauti. Walikuwa wamemkalisha juu ya magunia, mikono nyuma, na mkubwa wao alikuwa anasitasita, hajui amshushe au aende naye. Mtoto akakumbuka kuna mtita umefichwa chini ya kitanda, nyuma ya mtungi. Akakimbia ndani akautoa. Akaunyanyua kadiri mikono yake ilivyofika, akalia kwa sauti yake yote, "Chukueni na huu, mniachie baba!"

Mkubwa wa askari akautazama mtita. Akamtazama baba. Hakusitasita tena.

Mdomo ulioachama kwenye ile picha ulikuwa unalia. Watu waliuona unacheka, na ukingo wa picha wenye lori ulikatwa. Baba hakurudi. Mama yake hakumpiga, hakumtukana, hakumlaumu hata kwa jicho. Ila tangu siku ile hakumtuma tena kitu ndani. Akitaka kijiko, akitaka kiberiti, alinyanyuka mwenyewe akakifuata, hata alipokuwa mgonjwa.

Miaka mingi baadaye, msichana akiwa tayari mke wa mtu, ofisi ilimtafuta ikampata. Aliwaeleza yote, neno kwa neno. Ofisa aliyekuja alimsikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, kisha akasema, "Mama, pole sana. Lakini sentensi ndefu haiimbiki." Wakampa nyumba. Alikuwa na mume mgonjwa na mtoto mgongoni, hana mbele wala nyuma. Akaichukua.

Huyo mtoto wa mgongoni ndiye aliyekuja kuwa Fundi. Alifanya kazi kwenye karakana ya mavazi ya ofisi hiyohiyo, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, meza ya kukatia katikati na cherehani zimepangwa kando ya ukuta. Miezi ya mwisho kabla ya sikukuu chumba kizima kilikuwa cha njano. Vumbi la kitambaa liliingia puani, kwenye chai, kwenye nyusi. Fundi alikuwa na chaki sikioni, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na alijua kuongea bila kuzitoa. Wenzake walimpenda, ila hawakusahau kumkumbusha kwamba yeye aliingia kwa mlango wa mama yake. "Wewe hata ukikata mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, hawakufukuzi," walimtania. Naye alicheka, kisha akapima mara mbili.

Mwaka huo Mratibu wa Sherehe mwenyewe alishuka karakana. Alikuwa bwana mpole, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeongea hospitalini. Akasimama mbele ya meza ya Fundi.

"Dada, hongera."

"Ya nini tena, mzee?"

"Mtoto wa mwaka huu ni wako. Damu ya Bibi Masuke yenyewe, ndiye atakayebeba mtita. Mheshimiwa amefurahi mno aliposikia."

Cherehani zote zikanyamaza. Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kidoti wangu?"

"Huyohuyo. Na mwaka huu, dada, si kama miaka mingine." Mratibu akapunguza sauti zaidi. "Unajua mambo yalivyo."

Kila mtu alijua mambo yalivyo. Muda wa Mkuu ulikuwa unakaribia kwisha. Redioni na vinyozini watu walibishana: aondoke kama sheria inavyosema, au aongezewe. Wanaompenda walimwita Baba. Wasiompenda nao walimwita Baba, ila kwa kuzungusha macho. Ofisi ya Sherehe ilitaka sikukuu ipite vizuri, isitokee zomeazomea.

Fundi alimshonea binti yake gauni kwa mikono yake, hakumpa mtu mwingine hata kukunja pindo. Ndani aliweka bitana laini ili kitambaa kisimwashe. Alipompimisha, Kidoti akazunguka katikati ya karakana, sketi ikafunguka kama mwavuli, na mafundi wote wakapiga makofi. Kidoti alikuwa na alama nyeusi shavuni, hapo ndipo jina lilipotoka, na mdomo usiojua kupumzika. Nyumbani alifanya mazoezi mchana kutwa na ufagio badala ya mtita.

Siku moja alasiri Bibi alikuwa amekaa jikoni anachambua mchele, sinia mapajani, jicho lake zima limeinamia mawe. Kidoti akaingia na ufagio, akapiga hatua kubwa kama alivyofundishwa, akatabasamu meno yote, akanyanyua ufagio.

"Chukueni na huu!"

"Nani kakufundisha kutabasamu?" Bibi akauliza.

"Mwalimu wa maonyesho. Anasema wewe ulitabasamu. Si uko kwenye picha?"

Bibi akaweka sinia chini. Alikuwa ameshamwambia Fundi habari hii zamani, wakati Fundi ana umri wa kuelewa, na Fundi alisikiliza, akalia siku hiyo, kisha hakuigusa tena. Kidoti hakuwahi kuambiwa. Bibi akamvuta, akamkalisha kwenye kigoda, akamsimulia: askari, lori, kitanda, mtungi. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alipofika kwenye maneno yenyewe aliyatamka taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja dawa anazotumia.

Kidoti alikuwa amekumbatia ufagio.

"Halafu wakamwachia?"

"Hawakumwachia."

"Lakini uliwapa!"

"Niliwapa, ndiyo."

Mtoto akafikiri. "Kwa hiyo nisitabasamu?"

"Mimi sitaki useme uongo," Bibi akasema. "Ukifika pale juu, sema yote. Baba yangu alikuwa na jina, alikuwa na kikohozi, alikuwa anapenda kulala kifudifudi. Hajatajwa hata siku moja kwenye sikukuu yake mwenyewe."

Mlango wa jiko, ule usiofunga, ukasukumwa. Fundi alikuwa amesimama pale na mfuko wa mboga, na haikujulikana amesimama tangu lini.

"Kidoti, nenda kacheze nje."

"Mama, Bibi ana—"

"Nje."

Mtoto akatoka na ufagio wake. Fundi akaweka mfuko mezani, akaanza kutoa mboga, akazirudisha, akazitoa tena.

"Mama, unataka kutuua?"

"Nataka mtu mmoja atajwe."

"Atajwe mbele ya Mkuu, uwanja umejaa, mwaka huu wa moto hivi? Na wa kumtaja awe mwanangu? Mbona wewe hukumtaja? Umekaa kwenye kiti kile tangu mimi niko shule. Kipaza sauti kilikuwa pale, hatua chache tu. Ungenyanyuka."

"Nilikuwa na wewe mgongoni."

"Na mimi nina yeye!" Fundi alikuwa hapigi kelele, alikuwa ananong'ona, na mnong'ono wake ulikwaruza. "Wakikasirika watatutoa hapa. Twende wapi? Kule kijijini kuna nini, si kuna shamba la watu? Mimi babu simjui, Mama. Nisamehe, lakini simjui. Ninayemjua ni mwenye nyumba."

Bibi alichukua tena sinia la mchele, akaendelea kutafuta mawe, na Fundi aliona kwamba mkono wake ulikuwa unayaokota mawe na kuyarudisha humohumo.

Siku mbili zilizofuata hawakusemeshana ila kwa salamu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Basi. Siku ya tatu Bibi alimwita Kidoti, Fundi akiwepo makusudi, akamwambia, "Mjukuu wangu, sahau yale. Sema ulivyofundishwa na mwalimu. Na utabasamu."

"Lakini ulisema—"

"Nilisema. Bibi mzee, kichwa kimechoka. Tabasamu."

Fundi akageuka upande wa dirisha akajifuta macho kwa tepu ya kupimia. Alimpikia mama yake uji siku hiyo, akautia sukari nyingi kuliko kawaida, na Bibi akaunywa wote ili kumridhisha.

Uwanja ulijaa mapema. Masuke yalikuwa yamefungwa kila mahali: kwenye nguzo, kwenye vioo vya magari, kwenye kofia za polisi wa trafiki. Kwaya za shule ziliimba mpaka sauti zikakauka. Msimamizi wa kipaza sauti alisimulia tena ukame, tena mvua, tena wakulima wenye furaha. Bibi Masuke alikuwa kwenye kiti chake chenye mto, shali begani, anapunga mkono. Fundi alisimama nyuma ya jukwaa na mkebe wa sindano, kama kifungo kingekatika.

Kidoti akatokea. Alipita katikati ya uwanja peke yake, mdogo sana, na mtita mkubwa. Gauni lilimkaa vizuri, hata Fundi katika hofu yake aliliona hilo. Akapanda ngazi. Mkuu wa Nchi akanyanyuka, akafungua mikono yake kama ilivyo desturi, tayari kusema "Nimepokea," neno ambalo likitamkwa tu king'ora kinalia na watu wanaanza kula.

Kidoti akageuza shingo akamtazama bibi yake. Hakutabasamu. Akanyanyua mtita.

"Chukueni na huu," akasema, na kipaza sauti kikaibeba sauti yake mpaka viti vya mwisho, "mniachie baba!"

Mikono ya Mkuu ikabaki hewani. Mratibu, aliyekuwa pembeni, akafunga macho. Fundi aliangusha mkebe, na sindano zikatawanyika kwenye mbao bila mtu kuzisikia.

Bibi Masuke alinyanyuka. Hakuna aliyemsaidia, na magoti yake yale yakakubali. Muda mfupi ule, wakati uwanja wote umeshika pumzi, alimwona baba yake. Si kivuli wala mzimu. Alimwona tu kichwani kwa mara ya kwanza bila lori: amelala kifudifudi kibarazani, mchana, mkono mmoja umening'inia. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Aliona sasa imesemwa, watu wameisikia, itabidi waulize ni baba gani, na wakiuliza atawaambia.

Kisha mwanaume mmoja upande wa kulia, mwenye kofia ya chama, akasimama juu ya kiti chake, akapaza sauti.

"Tuachieni Baba!"

Wa pembeni yake wakacheka kwa mshangao, wakaelewa, wakadakia. "Tuachieni Baba! Tuachieni Baba!" Safu moja ikapokea, ikafuata ya pili, ukawa upande mzima. Wapiga ngoma za bendi, ambao kazi yao ni kufuata kelele, wakaifuata. Watu walikuwa wanakanyaga chini kwa pamoja, na jukwaa likawa linatetemeka. Chukueni vyote, tuachieni Baba! Mkuu wa Nchi alitazama huku na huku, uso wake ukafunguka, akainama akamnyanyua Kidoti pamoja na mtita wake, akamweka begani. Wapiga picha wakasukumana.

"Nimepokea!" Mkuu akasema, na king'ora kikalia.

Bibi alikuwa bado amesimama. Watu waliona machozi yake, na kamera moja ikamgeukia, ikayachukua kwa karibu.

Nyuma ya jukwaa Fundi alikuwa amepiga magoti anaokota sindano, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, alipoona viatu vya Mratibu vimesimama mbele yake. Hakunyanyua kichwa.

"Dada," ile sauti ya hospitalini ikasema, "mmeniua, kisha mmenifufua."

"Mzee, naomba—"

"Nani aliyebuni ile? Ni wewe? Ni Bibi?" Alikuwa anatabasamu huku jasho linamtiririka masikioni. "Sisi tumekaa vikao na vikao, tunatafuta neno la kumsemea Mheshimiwa, neno litoke kwa wananchi wenyewe. Na nyie mlikuwa nalo nyumbani muda wote huu!"

Fundi akasimama polepole. Angeweza kusema. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: pale alipokuwa amesimama, baada ya hofu ile, kupona kulikuwa kutamu mno.

"Tuliipanga nyumbani," akasema. "Kifamilia."

Kijana wa redio alikuwa ameshamfikia Bibi, kinasa sauti kidevuni.

"Bibi, shikamoo. Leo umelia. Tuambie."

"Yule baba ni baba yangu," Bibi akasema.

"Naam!"

"Alipandishwa kwenye lori. Nilitoa mtita ili wamwache, na mtita ndio uliomfunga. Hakurudi. Ni baba yangu mimi."

"Ni baba yako wewe, ni baba yangu mimi, ni Baba yetu sote!" kijana akapokea, akajigeuzia kinasa sauti. "Mmemsikia Bibi Masuke mwenyewe, wasikilizaji, tangu enzi zile za malori mpaka leo..." Redioni usiku, kwenye habari, maneno ya lori na kurudi hayakuwemo. Yalibaki mawili tu: "Baba yangu."

Nyumbani Kidoti aliingia anarukaruka, shavu lenye kidoti limetiwa poda, shingoni shada la maua.

"Bibi, nilisema yote! Ulinisikia? Nilisema hata ulipokuwa umenikataza. Uliona nilivyokuwa sitabasamu?"

"Nilikuona," Bibi akasema. Akamshika uso kwa mikono miwili. "Ulisema vizuri sana."

Alikuwa hawezi kumwambia neno jingine. Kosa halikuwa la mtoto. Fundi alikuwa mlangoni, amevua viatu, amevishika mkononi.

"Mama."

"Nyumba tunayo?" Bibi akauliza.

"Tunayo."

"Haya."

Mambo yalikwenda haraka kuanzia hapo. Ukuta wa posta ulipakwa upya, picha ya zamani ikakaa kushoto, kulia Kidoti na mtita wake, na chini yao maneno yote, sentensi nzima, hakuna herufi iliyopungua. Vijana waliichapa kwenye fulana. Bungeni mbunge mmoja aliisoma kwa machozi. Sheria ikarekebishwa, na Mkuu akaachiwa. Mwaka uliofuata vitabu vya shule vilieleza kwamba tangu siku ile ya kwanza ya mavuno, mtoto yule mwenye hekima alikwisha kuona mbele, akawaomba wenye tamaa wachukue mali na kuliachia taifa kiongozi wake. Kwamba Mkuu wa leo alikuwa bado mtoto wa kunyonya siku hiyo, kitabu hakikugusia.

Zamani walikuwa wamemwibia Bibi nusu ya maneno, na nusu iliyobaki alikaa nayo mwenyewe, ndani, mahali ambapo hapakuingia mtu. Sasa hakuwa na kitu. Hata akilini, akijaribu kumwita baba yake kwa yale maneno, alikuja yule mwanaume mwenye kofia ya chama, anapunga mkono.

Fundi alifanywa msimamizi wa karakana. Akapewa kiofisi cha vioo kwenye kona na kiti kinachozunguka. Wenzake waliacha kumtania, na aligundua kwamba utani ule ndio uliokuwa unamfanya awe mmoja wao. Nyumbani alikuwa anaongea sana, habari za vitambaa, habari za bei za uzi, ili pasiwe na kimya. Mama yake alimwitikia, "Eee," "Kweli," "Hata hivyo."

Sikukuu iliyofuata ilipokaribia, Bibi alimwambia Mratibu kwamba hatakwenda.

"Magoti?" Mratibu akauliza kwa huruma.

"Sema magoti."

"Pumzika, Bibi. Umefanya kazi kubwa." Wala hakumbembeleza.

Jioni ya siku hiyo Fundi alirudi na uso wa mtu aliyekanyaga kitu. Alikaa, akanyanyuka, akakaa.

"Wamepata bibi mwingine," akasema hatimaye. "Wa kukaa kwenye kiti. Wameniletea leo nimpime shali."

"Umempima?"

"Ningefanyaje?"

"Yukoje?"

"Anafanana na wewe kidogo. Yeye macho yote mazima." Fundi akajaribu kucheka, ikamshinda. "Mama, nitukane. Hata kidogo tu."

Bibi alimtazama binti yake, mikono yake yenye alama za pini, mvi zilizoanza kwenye nyusi au pengine vumbi la kitambaa.

"Niletee maji ya kunywa," akasema. "Koo limekauka."

Fundi akaenda mbio jikoni.

Siku yenyewe Bibi na Kidoti walikaa mbele ya televisheni. Mtoto wa mwaka huo alikuwa mwingine, mwenye meno mazuri, na sasa desturi ilikuwa kwamba akishasema maneno yake uwanja mzima unaitikia mara tatu. Yule bibi mwingine alipunga mkono vizuri sana. Fundi alikuwa kazini. Kidoti alikuwa amerefuka, magoti yamemtoka, na mdomo wake mwaka huo ulikuwa umejifunza kukaa kimya. Aliangalia mpaka king'ora kilipolia, kisha akapunguza sauti.

"Bibi, siku ile, malori yalipoondoka, ulifanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ofisa hakuuliza, wala wa redio, wala binti yake. Bibi alikaa akilitafuta jibu, na likaja lenyewe, na vumbi lake na jua lake.

"Nilisimama pale pale. Watu walikuwa wanalia, mama yangu alikuwa amekaa chini. Yule mpiga picha alikuja akaniinamia, akanifuta kamasi kwa kitambaa chake, akanipa pipi. Ilikuwa ya kijani. Mimi nilikuwa sijawahi kuona pipi."

"Ukaitupa?"

"Nikaila," Bibi akasema. "Ilikuwa tamu sana."